Dar, Kibaha, Morogoro, Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Miji Jirani

Maswali haya yanasikika kila siku kwa abiria wa Barabara ya Morogoro, kwenye mikutano ya mtaa, kwa wanaotafuta viwanja Pwani na kwa wanafunzi wa mipangomiji. Yote yanahusu ukanda mmoja, unaoanzia bandarini Dar es Salaam, unapita Kibaha, Chalinze na Morogoro, na kufika Dodoma. Kila jibu linasomeka peke yake. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Misingi

1. Mtandao wa miji ni nini? Si miji tu iliyo karibu karibu?

Ukaribu peke yake hautoshi. Miji miwili inaweza kupakana na kila mmoja ukaishi kivyake. Mtandao upo pale ambapo shughuli za mji mmoja hazikamiliki bila mwingine. Kabichi inalimwa Mgeta, Morogoro, na kuliwa Sinza, Dar. Majeruhi wa ajali ya Barabara ya Morogoro anakimbizwa Hospitali ya Tumbi pale Kibaha, na hali ikiwa mbaya anapelekwa Muhimbili. Ofisa ana familia Mbagala na kikao chake kiko Mtumba, mji wa Serikali kule Dodoma. Chora mstari kwa kila safari ya namna hiyo, na palipo na mistari minene ndipo penye mtandao.

Hapo ndipo mji jirani unapotofautiana na kitongoji. Kitongoji kinauegemea mji kwa kila kitu. Mji jirani una soko lake, vyuo vyake na historia yake, na unaweza kukaa na mkubwa wake mezani kwa sababu una kitu ambacho mkubwa anakihitaji.

2. Ukanda huu ulianzaje?

Ulianza na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mji ulioangukiwa na stesheni ulikua, na ulioachwa kando ulibaki kuhadithiwa. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa misafara ya bara, ilijikuta pembeni hivyo hivyo.

Baada ya uhuru, Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 hadi 1974 uliteua miji 9 iwe vituo vya ukuaji ili Dar isibebe kila kitu. Morogoro na Dodoma zilikuwemo. Mwaka 1973 ukapitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Bunge likahamia huko mwaka 1996, Serikali yenyewe ikaanza kuhama kwa kasi kuanzia 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Kwa hiyo anayedhani mtandao huu umeletwa na treni ya umeme amechelewa kwa zaidi ya miaka 100.

3. Je, ni kweli Dar es Salaam imepunguza kasi ya kukua?

Ndani ya mipaka yake, ndiyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko kubwa, lakini kasi yake ni ndogo kuliko ya muongo uliotangulia.

Sasa tazama Pwani, mkoa unaoizunguka Dar. Mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668, na mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Karibu mara mbili kwa miaka 10. Watu hawakuacha kuifuata Dar. Wamevuka mpaka tu. Ukishuka Kiluvya huwezi kujua kwa macho mkoa mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Duka la vifaa vya ujenzi ni lile lile, bodaboda ni wale wale, na asubuhi wote wanaelekea upande mmoja. Takwimu za mkoa mmoja mmoja zinaficha jambo ambalo takwimu za ukanda zinaliweka wazi, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika mijadala yetu ya miji.

4. Mji mdogo kuwa jirani na jiji kubwa ni baraka au balaa?

Yote mawili hutokea, na yanaweza kutokea kwenye mji mmoja kwa wakati mmoja.

Mwaka 1973 mwanauchumi William Alonso alieleza kwamba mji mdogo unaweza "kuazima ukubwa" kwa jirani yake. Wakazi wake wanapata hospitali ya rufaa, bandari, uwanja wa ndege na soko la mamilioni ya walaji bila mji wao kuwa mkubwa hivyo. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, Pwani, anauzia jiji la watu zaidi ya milioni 5 lakini analala kijijini kwake. Huko ndiko kuazima.

Upande wa pili ni kivuli. Chini ya mwembe mkubwa mihogo haistawi. Kila mwenye fedha akifanya manunuzi Kariakoo, duka kubwa la Kibaha linakosa wateja. Daktari bingwa anaona heri aishi Dar. Vijana waliosoma wanaondoka.

Kinachoamua mji uangukie upande gani, kwa maoni yangu, ni kama una kitu ambacho jirani mkubwa lazima akifuate kwako. Morogoro inacho. Ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984, ina Chuo Kikuu Mzumbe, na ina milima inayotoa maji (tazama swali la 9). Mji usio na kitu cha namna hiyo hugeuka mahali pa kulala na kupita.

## Usafiri

5. Treni mpya ya umeme (SGR) imebadilisha nini hasa?

Imebadilisha maana ya neno "mbali". Safari za abiria kati ya Dar na Morogoro zilianza Juni 2024, na zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Safari ya Dodoma, iliyokuwa ikichukua saa 8 au 9 kwa basi, sasa inachukua chini ya saa 4. Mtu anaondoka Dar alfajiri, anaingia kikaoni Dodoma, na jioni anarudi kulala kwake.

Watu hufikiri faida ya reli ya kasi ni kufika upesi tu. Lakini safari ya siku moja ikiwezekana, kila kilichojengwa juu ya msingi wa kulala njiani kinatikisika. Mgeni aliyekuwa akilala Dodoma usiku 2 sasa anaweza asilale hata mmoja. Mabasi ya njia hii yamepoteza abiria. Wakati huo huo, mwanafunzi wa Morogoro anaweza kwenda Dar kwa usaili wa kazi na kurudi siku hiyo hiyo, jambo ambalo zamani lilihitaji ndugu wa kufikia. Kwa kijana asiye na ndugu mjini, hilo ni kubwa sana.

6. Je, Morogoro itageuka chumba cha kulala cha watu wa Dar?

Piga hesabu. Treni ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar na Morogoro iliwekwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 572,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Nauli peke yake inaumaliza mshahara huo wote, na bado hujalipia bajaji ya kwenda stesheni.

Kwa hiyo si leo, na si kwa wengi. Wanaoweza ni wenye kipato cha juu, au wanaokwenda ofisini siku 2 kwa wiki. Lakini usiseme haiwezekani. Reli ya kasi ya Madrid na Sevilla ilipofunguliwa mwaka 1992, ilisimama Ciudad Real, mji wa kawaida tu wa Hispania. Kukawa na tiketi nafuu za wasafiri wa kila siku, na watu wa Ciudad Real wakaanza kufanya kazi Madrid na kurudi nyumbani jioni. Baadhi ya wahadhiri wa chuo kikuu cha mji huo nao wakawa wanakuja asubuhi kutoka Madrid, kwa hiyo safari zilikuwa za pande zote mbili. Bila tiketi ya mwezi yenye nafuu ya kweli, Morogoro haitafika huko hata treni ikienda mbio namna gani.

7. Na miji ambayo treni haipiti?

Hii inaumiza, na haizungumzwi vya kutosha. Baada ya Ruvu reli inashika njia ya Ngerengere, na baada ya Morogoro inaifuata Kilosa na Gulwe. Barabara kuu inapita Chalinze, kisha Dumila, Gairo na Kibaigwa. Miji hii ya barabarani ilijijenga juu ya abiria wa basi. Basi linaposimama unasikia vishindo vya miguu kabla mlango haujafunguliwa. Beseni la mayai ya kuchemsha linafika dirishani, mahindi ya kuchoma yamefungwa kwenye maganda yake, na mama mmoja anahesabu chenji kwa mkono mmoja huku basi limeshaanza kusogea. Kila basi linalopungua ni safu nzima ya madirisha iliyopungua.

Hata hivyo miji hii haifanani. Kibaigwa ina soko la mahindi linalofuatwa na wanunuzi kutoka mbali, na mahindi hayapandi treni ya abiria. Chalinze ni njia panda ya Tanga na Arusha, na imeanza kupata viwanda, kikiwemo cha vigae pale Pingo. Miji yenye biashara ya mzigo itasimama. Iliyotegemea abiria pekee inahitaji kusaidiwa mapema, kabla vijana wake hawajaondoka.

8. Bandari kavu ya Kwala inahusikaje?

Kwala iko Wilaya ya Kibaha, na ilizinduliwa rasmi Julai 2025. Makontena yanatolewa bandarini kwa reli, na malori ya kwenda Kongo, Zambia, Rwanda au Burundi yanayapakia huko bila kuingia katikati ya jiji. Dar inapunguziwa foleni, Pwani inapata maghala na ajira.

Lakini lori likihamia Kwala, vinahama pia gereji, mama lishe, nyumba za wageni na magonjwa yanayofuata madereva wa masafa marefu. Halmashauri inayopokea bandari kavu inapaswa kupokea na zahanati, polisi na maji. Nani anapanga hayo, tazama swali la 12.

## Maji, chakula na ardhi

9. Kwa nini mvua isiponyesha Morogoro, bomba linakauka Dar?

Kwa sababu Dar inakunywa maji ya Morogoro. Mto Ruvu unaanzia Milima ya Uluguru. Mitambo miwili mikubwa, Ruvu Juu wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini wenye lita milioni 270, inategemea mto huo huo. Oktoba 2022 kina kiliposhuka, maji yakaanza kugawiwa kwa zamu, na madumu yakapanga foleni mitaa ambayo ilikuwa imeyasahau. Bwawa la Kidunda, linalojengwa Morogoro ili kuhifadhi lita bilioni 190, limekusudiwa kuziba pengo hilo.

Bwawa linahifadhi maji, halizuii udongo. Udongo unatoka mashambani mlimani, na hapo inaingia historia ambayo kila mpangaji mji wa Dar angepaswa kuijua. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, wakazi wa milima hiyo, kuchimba matuta ili kuokoa vyanzo vya maji. Kazi ilikuwa ngumu, faida hawakuiona, na mwaka 1955 wakagoma hadi damu ikamwagika. Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalikuja na njia nyingine. Mkulima alilipwa kwa kuchimba matuta ya fanya juu na fanya chini (udongo wa mfereji unatupwa juu au chini yake) na kwa kupanda miti, na fedha zilichangiwa na watumiaji wa maji huku chini, ikiwemo DAWASCO, shirika lililokuwa likisambaza maji Dar. Malipo yalikuwa madogo, lakini msingi wake ulikuwa wa haki, kwamba anayetunza chanzo alipwe na anayefungua bomba. Naamini huo ndio uhusiano ambao miji jirani inapaswa kuwa nao, na ninasikitika kwamba haujawa utaratibu wa kudumu katika ankara ya kila mteja wa Dar.

10. Mbona mkulima hanufaiki na soko kubwa la jirani?

Tazama safari ya tenga moja la nyanya. Linafungwa mlimani kwa kamba ya katani, linabebwa kichwani hadi barabarani, linapakiwa kwenye Canter usiku, na linafika Dar alfajiri. Bei inatajwa na dalali sokoni, mwenye tenga akiwa bado kijijini. Akisikia "soko limejaa", hana ghala la baridi, hana siku ya pili ya kusubiri. Mtandao unasafirisha mazao vizuri. Taarifa na nguvu ya kupanga bei zimebaki upande mmoja.

Kinachosaidia ni ubaridi, mizani na usindikaji, vyote vikiwa karibu na shamba. Viwanda peke yake si dawa. Morogoro ilijengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, kikilenga soko la Ulaya. Jengo lenyewe halikufaa kwa joto letu, vipuri vilikosekana, na hakikuwahi kukaribia uwezo wake. Kilikuwa Morogoro, lakini hakikuunganishwa na chochote cha Morogoro.

11. Ninunue kiwanja karibu na stesheni ya reli?

Kabla ya bei, uliza mambo matatu. Eneo limepimwa na lina mchoro wa mipangomiji uliopitishwa? Limo kwenye hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya reli au barabara? Muuzaji ana hati, au ana karatasi ya serikali ya mtaa tu? Majibu yapo ofisi ya ardhi ya halmashauri, si kwa dalali. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya waliobomolewa nyumba mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya njia nane wanajua gharama ya kutouliza kuhusu hifadhi.

## Utawala

12. Nani anasimamia ukanda wote huu?

Hakuna chombo kimoja. Kuna mikoa minne, halmashauri nyingi, na wizara kadhaa. Hata Dar yenyewe imegawanyika. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiunganisha manispaa ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam, huku Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikibaki kivyake.

Mahali tulipovuka mpaka tumefanikiwa zaidi. DAWASA, mamlaka ya maji, inahudumia Dar pamoja na Kibaha, Bagamoyo na maeneo mengine ya Pwani, kwa sababu bomba halijui mkoa. Kwa nini taka, daladala na mipango ya ardhi visiwe hivyo?

Wengine walishaanza. Miji ya bonde la Ruhr, Ujerumani, iliunda chombo cha pamoja cha mipango mwaka 1920, na mrithi wake yupo hadi leo. Nairobi iko katikati ya njia. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 iliunganisha maisha ya Nairobi na Kiambu, lakini maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini kaunti ya Murang'a, na Murang'a imedai mara kwa mara fungu lake. Anayesoma swali la 9 ataona ndugu wa Waluguru katika kisa hicho.

13. Dodoma imekuwa makao makuu. Kwa nini Dar haijapungua?

Kwa sababu zimegawana kazi, hazijanyang'anyana. Serikali imehama, bandari haihami. Mkoa wa Dodoma ulitoka watu 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625 mwaka 2022, bila Dar kupungua.

## Maswali ya pembeni

14. Zanzibar nayo imo kwenye mtandao huu?

Imo, na imeunganishwa kwa waya. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Desemba 2009 mfumo huo uliharibika, na kisiwa kikakaa gizani takriban miezi 3. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaharibika, hoteli zikaishi kwa jenereta. Kebo mpya ya megawati 100 iliwekwa mwaka 2013. Anayeuliza kama bahari inatenganisha miji akumbuke miezi ile.

15. Na miji jirani inayotenganishwa na mpaka wa nchi?

Goma na Gisenyi ni mji mmoja wenye nchi mbili. Wauza mboga na wabeba mizigo, wengi wakiwa wanawake, wanavuka kwa miguu na kuelewana kwa Kiswahili. Faida za swali la 4 zipo zote, lakini mpaka ukifungwa asubuhi, chakula cha mchana kinapanda bei. Uvira na Bujumbura zinajua hali hiyo hiyo.

16. Mafuriko yakikata njia moja, mtandao unabaki?

Unabaki kama kuna njia ya pili. Mapema mwaka 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukavunja reli ya zamani na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Mizigo ya bara ilikwama. Reli mpya imepita eneo hilo kwa mahandaki na madaraja, lakini mto ni ule ule na misitu ya juu yake inazidi kukatwa. Ndiyo maana si busara kuiacha barabara ya Gairo ichakae kwa sababu treni ipo.

17. Mimi ni mkazi wa kawaida. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mkutano wa mtaa na uulize kuhusu mpango kabambe wa halmashauri yako, yaani mpango wa matumizi ya ardhi ya mji mzima. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, wananchi wana haki ya kuuona na kutoa maoni kabla haujapitishwa. Ukishaufungua, nenda moja kwa moja kwenye ramani na utazame ukingo wake. Ukikuta barabara, bomba na mfereji vinaishia kwenye mstari wa mpaka, muulize ofisa mipangomiji kama amekaa na mwenzake wa upande wa pili, lini, na walikubaliana nini. Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari.